Namna ya Kumtambua na Kumlinda Nyigu wa Cotesia Katika Shamba la Mahindi

Mwenye shamba pembezoni mwa Lubumbashi, kuelekea Kipushi au kando ya mto Kafubu, akifunua majani ya juu ya mahindi mwezi wa Desemba au Januari, huenda akakuta kifukofuko cheupe kama punje ndogo ya mchele, kimeshikamana na jani karibu na kiwavi aliyelegea. Wengi hukiponda kwa kidole gumba wakidhani ni yai la mdudu mharibifu. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo msimu mzima, kumbe nilikuwa nikiwaua nyigu ambao wangeniulia viwavi bila malipo.

Cotesia ni jenasi ya nyigu wadogo, wa urefu wa milimita 2 hadi 3, wengi wao weusi, wasiomchoma mtu. Jike hutaga mayai ndani ya mwili wa kiwavi, na pamoja na mayai huingiza virusi vinavyodhoofisha kinga ya kiwavi, ili mayai yasiuawe. Lava, yaani funza wanaoanguliwa katika mayai hayo, hukua humo ndani huku kiwavi akiwa hai, ingawa mara nyingi hula kidogo kuliko wenzake. Kisha hutoboa ngozi, hutoka nje na kujifumia vifukofuko. Spishi hazifanani. Cotesia icipe, ambaye hushambulia kiwavijeshi vamizi, hutoa lava mmoja tu kwa kila kiwavi. Cotesia sesamiae, mwenyeji wa Afrika, humfuata bungua, yaani kiwavi anayetoboa mabua, ndani ya bua, na kutoka kwa bungua mmoja huweza kutoka lava makumi kadhaa, ambao vifukofuko vyao hushikamana kama kipande cha pamba. Ndugu yake wa Asia, Cotesia flavipes, aliachiliwa katika pwani ya Kenya mwaka 1993 ili apambane na bungua aliyetoka huko huko Asia. Kazi ya nyigu hawa si rahisi, kwa maana jike anapoingia katika tundu la bua, bungua hugeuka na kumng'ata, na wengi hufia humo.

Kwa hiyo kabla ya kuponda chochote, kitazame vizuri. Mayai ya kiwavijeshi hutagwa kwa mafungu, mamoja yakilaliana na mengine, na mara nyingi fungu hufunikwa na manyoya ya rangi ya kijivu au hudhurungi: hayo yaponde bila huruma. Kifukofuko cha Cotesia ni kirefu kidogo, kina ncha mbili za mviringo, na ukikigusa utahisi nyuzi kama za hariri, si unyevu wa yai.

Ukiwa bado na shaka, chukua kopo tupu la mayonezi, lioshe na kulikausha, kisha weka ndani jani lenye kifukofuko. Funika kwa kipande cha kitenge chepesi, ufunge kwa mpira, na uliweke kivulini, mbali na sisimizi. Usifunike kwa mfuniko wake, kwa sababu jasho la jani huleta ukungu. Kwa kawaida nyigu hutoka kabla ya wiki kuisha, naye huacha kifukofuko kikiwa kimekatwa upande mmoja kama kifuniko kidogo kilichofunguliwa. Mwachilie shambani jioni ya siku hiyo hiyo, maana nyigu mzima huishi siku chache tu.

Viwavi unaookota kwa mkono nao wasiuawe wote papo hapo, kwa kuwa huenda baadhi yao wamebeba lava wa nyigu. Waweke katika ndoo pamoja na majani mabichi, uyabadilishe kila siku, na ufunike kwa chandarua ambacho matundu yake humpitisha nyigu lakini humzuia nondo. Lijaribu jambo hili kwanza kwa nyigu mmoja au wawili, kwa kuwa vyandarua havilingani. Viwavi hawa, niseme pembeni, si wale wa msituni wanaouzwa sokoni kwa kula, na kiwavi aliyetoka katika shamba lililopigwa dawa asiingie sufuriani kamwe.

Jambo linaloharibu kazi yote ni kunyunyizia dawa shamba zima. Ikiwa ni lazima kuitumia, itie katika moyo wa mimea iliyoshambuliwa tu, na uiache mingine. Ukingoni mwa shamba, acha mimea yenye maua madogo ili nyigu wapate nekta. Utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba nyasi ziitwazo Melinis minutiflora hutoa harufu inayomvuta Cotesia sesamiae, na nyasi hizo ni za Afrika.

Baada ya mavuno, kabla ya kuchoma mabua, pasua kumi au kumi na tano kwa kisu. Ukiona fungu jeupe la vifukofuko ndani ya tundu, kata kipande hicho cha bua na ukisimamishe chini ya mti, mahali pasipofikiwa na moto wala kuku.