Kabla ya kupitisha bakuli Marekani

Mliosoma Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na sasa mko Marekani, mkitaka kukichangia chuo, msianze na michango ya WhatsApp. Sajilini chama cha wahitimu jimboni kwanza, kisha ombeni IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, hadhi ya 501(c)(3), yaani ya shirika la hisani lisilolipa kodi ya mapato. Mkitarajia kukusanya chini ya dola 50,000 kwa mwaka, fomu fupi ya 1023-EZ kwa kawaida inatosha. Ada ni dola 275. Hapo mchangiaji anaweza kupunguziwa kodi, tofauti na anayetuma moja kwa moja Dar.

Ila bodi yenu ndiyo iamue pesa ziende wapi, na uamuzi uandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Mkiwa bomba la kupitishia pesa kwenda Dar tu, mmeharibu: nafuu ya kodi ya mchangiaji inaweza kupotea.

Halafu taja kitu. “Hadubini sita za maabara” watu wanatoa. “Kusaidia chuo” wanaweka dole gumba, basi.

Mwisho, pelekeni IRS Fomu 990-N, taarifa fupi ya vyama vidogo, kila mwaka: ukiruka mitatu mfululizo, hadhi inafutwa.