Kwa nini lafudhi hubadilika ukiimba, na namna ya kuishika

Lafudhi ya mtu anayeongea hukaa kwenye vitu vinne: kupanda na kushuka kwa sauti, urefu wa silabi, irabu na konsonanti. Akianza kuimba, viwili vya kwanza humtoka mkononi papo hapo, kwa kuwa melodi na mapigo ndivyo vinavyoamua. Ndiyo maana "amekuja" na "amekuja?" huwa kitu kimoja ndani ya wimbo, na mtunzi makini hutanguliza "je".

Irabu na konsonanti bado ni zako, ila hapo ndipo kuiga kunapoingia. Mick Jagger, mwimbaji wa bendi ya Rolling Stones, ni mzaliwa wa Dartford, Uingereza, lakini matamshi yake akiimba huelekea Marekani, kwa sababu muziki wa bluzi alioupenda ulitoka huko. Mwanaisimu Peter Trudgill aliandika kuhusu tabia hii ya waimbaji wa Uingereza mwaka 1983. Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi aliyekulia kwenye R&B ya Marekani hufanya vivyo hivyo bila kujua.

Anza kwa kujirekodi, simu inatosha. Soma ubeti mmoja kama unayemweleza mtu jambo, kisha uuimbe, halafu sikiliza rekodi zote mbili mstari kwa mstari. Usirekebishe chochote kabla hujajua ni sauti ipi hasa inayobadilika.

Mara nyingi ni irabu. Irabu za Kiswahili hazisogei: ulimi na midomo hutulia pale pale mpaka noti iishe. Aliyezoea nyimbo za Kiingereza akivuta noti ndefu, "pendo" huwa "pendou" na "wewe" huwa "weiwei". Shika kioo, vuta "o" ya "pendo" kwa mapigo mawili, kisha manne, kisha manane. Midomo ikianza kujikunja katikati ya noti, umeshateleza; rudi kwenye mapigo machache.

Noti za juu zina taabu ya aina nyingine, na hii si mazoea, ni fizikia. Kila irabu hutambulika kwa mivumo, yaani masafa ambayo kinywa huyakuza kwa umbo lake. Mvumo wa kwanza, ulio wa chini kabisa, wa "i" na "u" ni takriban Hz 300 hadi 400 (Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde). Wa "a" unakaribia 800. Mwanamke akiimba C iliyo oktavu moja juu ya C ya kati (ile ya katikati ya piano), takriban Hz 523, ameshaupita ule wa "i", na taya hushuka lenyewe kufuata mvumo. Hapo "analia" husikika "analea", na "tua" husikika "toa". Usishindane na taya. Liache lishuke, ila ulimi ubaki juu kwa mbele kwenye "i", na midomo ibaki duara kwenye "u". Bado haisikiki? Badilisha maneno, kilele cha melodi kiangukie "a".

Mkazo nao huharibika, hasa kwenye nyimbo za kwaya zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza au Kijerumani. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, u-PE-ndo. Pigo zito likiangukia "ndo", hata mzaliwa wa Pwani atasikika mgeni. Pigia mstari silabi yenye mkazo katika kila neno, kisha piga makofi ukifuata melodi. Visipokutana, sogeza neno, si mkazo.

Usiisahau "m" ya "mtu". Ni silabi kamili, tena yenye mkazo, hivyo ipe noti yake: midomo imefungwa, sauti ikitokea puani. Ukiifungua mapema hutoka "mutu", ambayo ni sahihi kwa anayeimba Kiswahili cha Kongo, kwani ndivyo kinavyosemwa huko. Mwimbaji wa Unguja hana sababu nayo.

Konsonanti nyingine zitangulie pigo kidogo, irabu ndiyo itue juu ya pigo. Zikichelewa, maneno yote husikika mazito. "Th" inahitaji ncha ya ulimi ionekane kati ya meno, la sivyo "thamani" inageuka "samani". Kwa kuwa sauti yake ni hafifu, kaa sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye maikrofoni, na uielekeze pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi ya "p" isiipige moja kwa moja.