Somo: Maji salama kwa wasiojiweza, kutoka kisimani mpaka kwenye kikombe

Habari zenu wadau. Nimeamua kuandika hili maana inaniuma sana, watu wanachanga hela, kisima kinachimbwa, kila mtu anafurahi, alafu miezi michache mbele watoto wanaharisha vile vile. Kisima mara nyingi hakina kosa, maji yanachafukia njiani, kwenye dumu, kwenye kata, kwenye vidole.

Hatua ya 1: Anza na watu. Pita nyumba kwa nyumba uulize nani anachota. Dumu la lita 20 ni kilo 20, bibi anayeishi peke yake hawezi, mlemavu hawezi, mjamzito anaumia, kwa hiyo panga kabisa nani atawapelekea, ukiacha hivi hivi watakunywa ya dimbwi lililo karibu. Kwenye dharura kiwango cha chini kinachotumika ni lita 15 kwa mtu kwa siku na bomba lisizidi mita 500 kutoka nyumbani.

Hatua ya 2: Chanzo. Choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na kisiwe upande wa juu wa mteremko. Na maji yapimwe floraidi na aseniki (vitu vya ardhini vinavyodhuru mwili vikizidi) kabla watu hawajaanza kunywa, hizo hazionekani wala hazina ladha na ukichemsha hazitoki.

Hatua ya 3: Yatulize, uyachuje. Kitambaa safi cha pamba, ukunje upate tabaka nne au zaidi. Usidharau, Bangladesh walichujia sari kuukuu (kitambaa kirefu wanachojifunga wanawake) na kipindupindu kikapungua karibu nusu. Ila kuchuja peke yake hakutoshi.

Hatua ya 4: Ua vijidudu. Ukichemsha, yakishatokota kweli kweli acha dakika 1, mkiwa juu ya mita 2000 kutoka usawa wa bahari acha dakika 3. Ukitumia blichi (ile dawa ya maji ya kung'arisha nguo nyeupe) iwe isiyo na manukato, yenye dawa ya klorini asilimia 5 au 6, matone 2 kwa lita, yaani ndoo ya lita 20 ni matone 40, koroga, subiri nusu saa. Kama maji bado yana ukungu weka mara mbili.

Hatua ya 5: Chombo. Hapa ndo pa kuweka nguvu zenu. Ndoo iwe na mfuniko na koki chini, mtu afungulie tu, asiingize kikombe wala mkono. Kama ndoo ya koki haipatikani, tumia dumu la mdomo mwembamba, umimine. Lioshwe kila linapoisha, na lisiwe lilibeba mafuta ya taa au dawa za shambani, hata ulisugue vipi.

MASWALI

*Mkuu, wazee wetu wanagoma, wanasema maji yananuka dawa.*
Harufu kidogo ni dalili dawa bado inalinda maji ndani ya chombo, waelezeni hivyo kwa upole. Ikiwa kali sana wacha yakae wazi kidogo, au mimina toka chombo hiki kwenda kingine mara kadhaa, na mhakikishe hamzidishi matone.

*Kuni hakuna na blichi hakuna, tufanyeje?*
Jua. Chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita 2, maji yawe yameshachujwa, ilaze juani masaa 6. Kukiwa na mawingu mengi ni siku 2 mfululizo. Mvua ikinyesha siku nzima njia hii usiitegemee.

*Mtoto wa miezi mitatu naye nimpe hayo maji?*
Hapana dada, mpaka miezi 6 maziwa ya mama yanatosha, hata kipindi cha joto. Hayo maji kunywa wewe unayenyonyesha.

*Na pampu ikifa?*
Chagueni watu wawili wafundishwe kuifungua na kubadilisha vipuri siku ile ile inapofungwa, fundi akiwa bado yupo hapo, na kila nyumba ichangie kidogo kidogo. Zile nyumba za wasioweza kuchota, za hatua ya 1, msizitoze.