Mbele mweke anayechoka upesi

Mimi ni fundi cherehani, Mbagala, Dar es Salaam, na magoti yangu hayakuumbwa kwa mbio. Nasema mapema usije ukadhani unamsoma kocha. Lakini kila Jumamosi saa 12 asubuhi watu kama hamsini hupasha viungo nje ya kibanda changu, wengi wao kina mama ambao mwanzoni waliniambia mazoezi ni ya wasio na kazi. Kisha tunakimbia pamoja. Ukitaka kuanzisha kikundi cha mbio mtaani kwako, anzia kwenye makosa yangu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa fulana. Nilishona thelathini, za njano, hata hatujakimbia mara mbili. Zikaisha. Aliyekosa akajiona si mwenzetu, akawa anatuchungulia dirishani. Sare iache kwanza. Kimbieni hata miezi mitatu na alichonacho kila mtu: dera na suruali ndani, kanga kiunoni, raba za mtumba. Wataanza kuidai sare wenyewe, na watailipia.

La pili, nilimwita mtu azungumzie presha na sukari. Alisema kweli tupu, kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima aushughulishe mwili angalau dakika 150 kwa wiki. Jumamosi iliyofuata wakaja wanne. Jirani akaniambia, "Shoga, mimi nilikuja kucheka, ukanipeleka hospitali." Siku hizi hizo dakika nazigawa kimyakimya: hamsini Jumamosi, hamsini Jumapili, hamsini Jumatano jioni. Hakuna anayejua kuwa anahesabiwa.

Kinachomtoa mtu ndani ni wimbo. Rika langu tulikimbizwa mchakamchaka shule ya msingi, ukiita "mchakamchaka!" mtu anajibu "chinja!" hata akiwa na sufuria mkononi. Mtafute mwenye sauti, umweke katikati ya msafara. Akitangulia, wa nyuma hawamsikii, na wimbo ukikatika miguu nayo inakatika.

Mbele mweke anayechoka upesi. Kwetu anatangulia bibi mmoja wa miaka sitini na ushei, na ni marufuku kumpita. Vijana walinuna. Nikawaambia wenye haraka waje nusu saa kabla, wakimbie wanavyotaka, kisha warudi kumsindikiza bibi. Kipimo cha mwendo ni kile kile cha wimbo: mtu akishindwa kuitikia, punguzeni.

Njia nayo ina maneno yake. Barabara ya Kilwa tuliikimbia siku moja tu, daladala upande huu, bodaboda upande ule, nikasema sirudii. Piteni mitaa ya ndani, mtu mmoja mbele na mmoja nyuma wakiwa na filimbi na kitambaa chekundu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa aambiwe kabla. Spika saa hizo hapana, na mkikaribia msikiti au kanisa nyamazeni mpaka mpite. Mambo ya usajili yanaanzia kwa afisa michezo wa halmashauri, ila si ya mwezi wa kwanza.

Baada ya mbio ndipo vikundi vingi vinapoharibu: vijana wanachukua mpira, kina mama wanarudi jikoni. Sisi tunacheza rede. Mpira wa soksi, warushaji wawili huku na huku, mmoja katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Mama aliyelalamikia goti tangu asubuhi utamwona anaruka kama ana miaka tisa, na ukimpiga anabisha hajaguswa! Watoto waje pia. Mmoja wetu huwaangalia kwa zamu, asiyekimbia siku hiyo.

Mchango wetu ni shilingi 500, wa maji na bandeji. Daftari la majina ndilo muhimu zaidi. Mtu asipoonekana wiki mbili, nendeni kwake, watatu wanatosha, wala msiulize kwa nini haji mazoezini. Tulikwenda kwa jirani mmoja tukamkuta anamuuguza mama yake. Tukafua, tukachota maji, tukaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja. Ile ya pili alikuja na wadogo zake wawili, mmoja kavaa ndala, na bibi akapunguza mwendo kidogo.