SOMO: Kukata picha za kivuli za watoto na mifugo ya nyumbani

Wakuu habari za Moshi, wengi mmeniuliza hizi picha nyeusi nazitengenezaje, haya karibuni. Vifaa: manila nyeusi na nyeupe, penseli, mkasi mdogo wenye ncha, wembe, na gundi ya stiki sio ya maji, ya maji inakunja karatasi.

1. Piga picha ya ubavuni. Mtoto akikuangalia usoni, ukishajaza weusi linabaki duara tu, pua hamna mdomo hamna. Mi napenda asubuhi wakipeleka majani bandani, unasimama ndani wao wako mlangoni mwanga uko nyuma yao, wanatoka weusi wenyewe.

2. Chora nyuma ya manila nyeusi, ila jua aliyeangalia kushoto ukigeuza ataangalia kulia.

3. Hapa ndo penyewe jamani, nafasi nyeupe. Mkono ukigandana na shingo ya mbuzi vyote vinakuwa bonge moja, hakuna anayeelewa. Acha mwanya kati ya vidole na mdomo wa mbuzi, jani la mgomba peke yake ndo liwaunganishe, hapo mtu anaona kabisa mtoto analisha. Na mkia wa mbuzi usimame, ukining'inia watu watakwambia kondoo.

4. Matundu ya ndani kata kwanza kwa wembe karatasi ikiwa bado nzima, afu nje kwa mkasi. Mkono wa mkasi utulie, karatasi ndo izungushwe. Miguu ya mbuzi iwe mwisho maana inakatika haraka.

5. Bandika kwenye nyeupe, weka kitabu kizito juu.

MASWALI

– Kaka, paka wangu kila nikimchora kalala anatoka furushi tu, nifanyeje?
Dada subiri ajinyooshe, au masikio na mkia vitokeze nje ya mwili. Akijikunja hivyo hata fundi hamtoi.

– Nikitaka nakala mbili lazima nikate mara mbili?
Hapana. Kuna Mfaransa Auguste Edouart, karne ya 19, alikuwa anakunja karatasi anakata mara moja, nakala moja ya mteja nyingine anaitunza kwenye albamu zake. Ila ukikunja zitatazamana, ukitaka zote zielekee upande mmoja pandanisha karatasi mbili na uzibane na klipu, zinateleza sana.