Kuchagua na Kusimika Mashine Ndogo ya Milingi kwenye Karakana ya Nyumbani

Anayenunua mashine ya milingi, yaani ya kuchonga chuma kwa kikatio kinachozunguka, kwa mara ya kwanza huuliza kwanza mota ina wati ngapi. Kwa uzoefu wangu, swali hilo lije la tatu, baada ya uzito wa mashine na jinsi nguzo inayobeba kichwa chenye kikatio ilivyofungwa kwenye kitako, kwa sababu kikatio kinachotetemeka huharibu kazi hata kama mota ina nguvu tele.

Tuchukue mashine za aina ya SIEG X2, zinazotengenezwa China na kuuzwa kwa majina mengi ya kibiashara. Zina uzito wa kilo 50 hivi, na nguzo ya nyingi kati yake hushikiliwa na nati moja kubwa ili iweze kulazwa kushoto au kulia. Kulaza nguzo utakuhitaji kwa nadra sana, ilhali ulegevu wa kiungo hicho utakuwa nao kila siku. Ukipata yenye nguzo isiyolala, iliyofungwa kwa bolti kwenye kitako, ichukue hiyo. Gia za plastiki hukatika meno kikatio kinaponasa, kwa hiyo spindo, yaani mhimili unaozungusha kikatio, inayozungushwa na mkanda ni bora. Kwa upande wa tundu la spindo, mimi huchagua umbo liitwalo R8 badala ya lile liitwalo MT3, kwa kuwa koleti (kibanio cha kikatio) ya R8 huachia ikigongwa kidogo tu.

Hatua ya kwanza ni kuandaa meza nzito ya kuiweka, iliyofungwa ukutani ikiwezekana, kisha kuifunga mashine kwa bolti bila kukipinda kitako chake. Waya wa ethi uwepo, na umeme upitie kwenye kifaa cha kulinda volteji, kwani bodi ya kudhibiti mwendo huungua upesi umeme unapopanda na kushuka.

Hatua ya pili ni kuosha grisi ya kiwandani kwa mafuta ya taa na kupaka oili safi kwenye reli ambazo meza na kichwa huteleza juu yake, na skrubu zote. Sisi tunaoishi pwani hatuna budi kuipangusa meza kwa kitambaa chenye oili kila jioni, la sivyo utaikuta na kutu asubuhi. Kaza pia vipande vya kubana reli hadi mkono uhisi uzito kidogo unapozungusha gurudumu, lakini meza isikwame.

Hatua ya tatu ndiyo inayobeba kazi yote, nayo ni kuisimamisha spindo wima kabisa juu ya meza. Mashine yangu ya kwanza niliitumia siku ileile niliyoitoa kwenye sanduku, na kila uso niliouchonga wiki ile ulikuwa na ngazi ndogondogo zilizokwaza ukucha. Funga saa ya kupimia (yenye ncha inayobanwa na mshale unaoonyesha tofauti ndogo sana) kwenye spindo kwa mkono unaochora duara la kipenyo cha milimita 150, chomoa plagi, kisha izungushe kwa mkono huku ukisoma pande nne za meza. Tofauti isizidi milimita 0.03. Iwapo saa inabanwa zaidi upande wa mbele, nguzo imeinama mbele. Legeza bolti na uweke kibati chembamba chini ya ukingo wa mbele wa nguzo. Kwa tofauti ya 0.06 katika milimita 150, na bolti za mbele na za nyuma zikiwa zimeachana milimita 75, kibati cha 0.03 kinatosha. Kaza bolti zote kabla ya kupima tena, kwa maana kukaza kwenyewe hubadilisha kipimo. Mimi hutenga jioni nzima kwa kazi hii.

Baada ya hapo funga juu ya meza jiliwa la kubania kipande unachochonga, na utumie saa hiyohiyo kunyoosha taya lake lisilosogea sambamba na mwendo wa meza.

Kwa kikatio cha haispidi (chuma kigumu cha kukatia) cha kipenyo cha milimita 10 kwenye chuma laini, zidisha mwendo wa meno wa mita 25 kwa dakika na 1000, ugawe kwa 31.4, yaani 10 mara 3.14: utapata mizunguko 800 hivi kwa dakika. Anza na kipande cha alumini, ukate kina cha nusu milimita. Vaa miwani, wala usivae glovu. Kisukume kipande kielekee kinyume na mzunguko wa meno, kwa kuwa skrubu za mashine ndogo huwa na ulegevu, na ukisukuma kufuata mzunguko, kikatio kinaweza kuivuta meza ghafla na kukatika.