Namna ya Kupima Wajibu wa Kampuni Iliyodhuru Watu
Anayeamini uhuru wa mtu na mali yake aanze kwa kuuliza ni nani aliyetoa amri, kwa sababu kampuni haina mkono wa kutia saini. Kisha achunguze kama serikali imempunguzia mkosaji mzigo: mtambo wa kuchimba mafuta baharini wa Deepwater Horizon ulipolipuka mwaka 2010 katika Ghuba ya Mexico na kuua wafanyakazi 11 na kumwaga mafuta baharini, sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ilikuwa imeweka kikomo cha dola milioni 75 kwa fidia ya madhara ya mafuta yaliyomwagika, mbali na gharama za kusafisha mafuta. Kikomo hicho, ambacho BP, kampuni ya mafuta iliyomiliki kisima hicho kwa sehemu kubwa, yenyewe ilikubali kukivuka, ni upendeleo wa serikali, wala si soko huria. Aupinge kwanza, kabla ya kudai kanuni mpya.